Dawa ya Barafu Mahali Pasipo na Barafu: Historia ya Maji ya Rejeta Hadi Kasulu na Kibondo

Umeshawahi kupanda lori au basi kutoka Kigoma mjini kwenda Kasulu? Kama bado, fikiria hivi. Unaondoka kando ya Ziwa Tanganyika, mahali palipo mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Unapita Kidahwe, unaiacha njia ya Uvinza, halafu safari ya kupanda inaanza. Hadi ufike Kasulu umeshapanda kama nusu kilomita kwenda juu, na ukiendelea kuelekea Kibondo vilima haviishi. Mzigo ni mzito, gia ni ya chini, gari linakwenda polepole kiasi kwamba upepo hauingii vizuri kwenye rejeta, na mapezi ya rejeta yenyewe yamejaa vumbi jekundu. Mshale wa joto unapanda. Mara mvuke, fuuu!

"Suka, imechemsha!"

Utingo anaruka na dumu, anateremka bondeni kutafuta maji. Anachota kwenye kijito, wanasubiri injini ipoe kidogo, wanajaza, safari inaendelea. Ukimuuliza dereva kwa nini hatumii kulanti, yale maji ya rangi yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri, huenda akakujibu: "Hiyo ni dawa ya barafu, ya Ulaya huko. Hapa Kasulu barafu iko wapi?"

Hoja hiyo ni nzuri kuliko unavyodhani. Tusiicheke. Ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua injini. Ili kuzitenganisha nusu hizo mbili inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka 130.

Injini iliyokuwa inakunywa maji

Injini ya gari huchoma mafuta ili kupata nguvu, lakini sehemu kubwa ya joto hilo haizungushi tairi. Kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja hivi inakuwa kazi, theluthi nyingine inatoka na moshi, na iliyobaki inaingia kwenye vyuma vya injini. Hiyo isipoondolewa, pistoni zitakwama ndani ya dakika chache.

Karl Benz, Mjerumani aliyesajili gari lake la matairi matatu mwaka 1886, alitumia njia rahisi kabisa: alizungushia silinda maji na kuyaacha yachemke. Maji yakigeuka mvuke huondoka na joto jingi. Tatizo lake unaliona mwenyewe: maji yanaisha, na lazima uongeze tena na tena.

Mwaka 1900 Wilhelm Maybach alibadilisha mambo. Kwa ajili ya gari jipya la Mercedes alitengeneza rejeta yenye vijibomba 8,070 vilivyopangwa kama sega la nyuki. Hewa ilipita ndani ya vijibomba, maji yakapita katikati yao, na lita 9 tu zikatosha kupoza injini ya nguvu za farasi 35. Rejeta iliyoko mbele ya Fuso leo inafanya kazi kwa wazo hilohilo: maji machache, eneo kubwa la kukutana na hewa.

Kisha ikaja Ford Model T, mwaka 1908. Hadi inaacha kutengenezwa mwaka 1927 yalikuwa yameshatoka magari milioni 15. Ukiacha zile za mwanzo kabisa, Model T haikuwa hata na pampu ya maji. Maji ya moto ni mepesi, hupanda juu. Yakipoa kwenye rejeta huwa mazito, hushuka. Basi, yanazunguka yenyewe. Injini ilikuwa chuma cha kusubu, kizito na kinene, na mfumo haukuwa na presha. Ukitia maji ya mto, kutu kidogo ilikuwepo, ndiyo, lakini chuma chenyewe kilikuwa na unene wa kuvumilia.

Maji ya kijito yalipokuwa jibu sahihi

Huku Buha wakati huo mizigo ilikuwa kichwani. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na miaka miwili baadaye majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji huo kutoka kwa Wajerumani. Mwaka 1921 Waingereza wakaichukua Kigoma. Lori lilikuja taratibu, likaanza kupokea kazi ya mpagazi.

Kazi moja kubwa ya malori kwenye nyanda hizi ilikuwa kubeba watu. Kasulu na Kibondo zilikuwa hazina ya vibarua wa mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuajiri vibarua, ikajulikana kama SILABU, na wanaume wa Kiha wakasafirishwa kwa malori na treni kwenda kuwa manamba Tanga na kwingineko. Baada ya uhuru, mwaka 1972, malori yalitumika tena kuhamisha watu kwenda vijijini wakati wa Operesheni Kigoma.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya dereva wa enzi hizo. Injini yako ni ya chuma. Maduka ya vipuri yako mbali. Kila bonde lina kijito. Unajifunza nini? Unajifunza kusimama kila penye maji, kupima na kuongeza. Unamfundisha utingo wako, naye akiwa dereva anamfundisha wake. Huo haukuwa ujinga. Ulikuwa ufundi uliolingana na mashine ya wakati ule. Ila mashine ilikuja kubadilika, na somo halikubadilika nayo.

Ni kweli, ilizaliwa kwa ajili ya baridi

Huko Ulaya na Marekani dereva alikuwa na adui mwingine. Maji yakiganda huvimba kwa asilimia 9 hivi, na hakuna chuma cha injini kinachoweza kuyazuia. Ukiacha gari nje usiku wa baridi kali, asubuhi unakuta bloku imepasuka. Watu walijaribu kila kitu: pombe, ambayo ilichemka na kupotea hewani, gliserini, chumvi, iliyokula vyuma, hata asali.

Suluhisho lilikuwa limekaa maabara kwa muda mrefu. Mkemia Mfaransa, Charles-Adolphe Wurtz, alikuwa ametengeneza ethilini glaikoli tangu miaka ya 1850. Mwaka 1927 kampuni ya Union Carbide ya Marekani ikaanza kuiuza kwa ajili ya magari kwa jina la Prestone. Ukichanganya nusu glaikoli na nusu maji, mchanganyiko hauanzi kuganda hadi baridi ya nyuzi 37 chini ya sifuri. Kwa hiyo dereva wetu wa Kasulu yuko sahihi: jina "dawa ya barafu" lilipatikana kihalali.

Lakini glaikoli ilikuwa na tabia nyingine. Ikiwa peke yake haichemki hadi karibu nyuzi 197. Wahandisi wa ndege waliipenda kwa hilo, maana kadiri unavyoruka juu, presha ya hewa inapungua na maji yanachemka mapema. Injini ya Rolls-Royce Merlin, iliyoendesha ndege za Spitfire, mwanzoni ilipozwa kwa glaikoli tupu. Baadaye mafundi wake wakaona kuna njia bora zaidi: maji asilimia 70, glaikoli asilimia 30, vyote vikiwa ndani ya mfumo uliofungwa kwa presha.

Kwa nini waliyarudisha maji? Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: maji matupu hubeba joto vizuri kuliko kulanti. Kulanti haipozi zaidi ya maji. Kazi yake ni kuyazuia maji yasichemke, yasigande na yasile vyuma. Ndiyo maana kumimina kulanti kali isiyochanganywa ukidhani "ndiyo itapoza zaidi" ni kosa.

Kasulu ni kama ndege inayoruka chini

Tuyarudishe mambo ya ndege kwetu. Kando ya bahari, Dar es Salaam, maji yanachemka kwa nyuzi 100. Kwenye urefu wa mita 1,300 hadi 1,500, ambao ndio wa sehemu kubwa ya nyanda hizi, yanachemka kwa nyuzi 95 au 96. Thamostati nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na injini ikiwa kazini inakaa kati ya 85 na 95. Unaona nafasi iliyobaki? Karibu hakuna.

Kinachokuokoa ni mfuniko wa rejeta. Uangalie: mingi ya magari ya Kijapani imeandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha ambayo mfuniko unaizuia kabla ya kuachia. Mfuniko mzima wa 0.9 ukiwa Kasulu unayapandisha maji matupu hadi yachemke kwenye nyuzi 116 hivi. Ukitumia mchanganyiko wa nusu kwa nusu, unavuka 120. Raba yake ikichakaa, au ukifunga mfuniko wowote ulioupata ilimradi umeenea, unarudi kwenye nyuzi 96 za mlimani bila kujua.

Na kuchemka si suala la mvuke tu. Maji yakichemka ndani ya kichwa cha injini, karibu na valvu za moshi, mapovu hutengeneza utando unaozuia joto lisitoke. Sehemu hiyo inakuwa ya moto kupita nyingine, kichwa kinapinda, gasketi inaungua. Siku ya pili unafungua mfuniko wa oili unakuta rangi ya maziwa. Hapo ndipo fundi anakutajia bei ambayo ingenunua kulanti ya miaka mingi.

Maji yanatoka na alikotoka

Maji hayafanani, na hakuna mahali pa kujifunzia hilo kama Uvinza. Kwenye makutano ya mito Ruchugi na Malagarasi kuna chemchemi za maji ya chumvi. Wanaakiolojia waliochimba pale miaka ya 1960 walionyesha kwamba watu wamekuwa wakichemsha chumvi hapo kwa zaidi ya miaka 1,500. Walichokuwa wanafanya ni kupasha maji, kuyaacha yapotee hewani, na kubakiwa na chumvi chini ya chungu.

Rejeta inayovuja mvuke na kujazwa maji kila siku ni chungu cha aina hiyo. Mvuke unaondoka, madini yanabaki, unaongeza maji mengine yenye madini, nayo yanabaki. Chokaa inaganda kwenye kuta za ndani kama ile ya kwenye birika, na inazuia joto lisipite. Kloridi, yaani ile sehemu ya chumvi, inatoboa alumini vijitundu vidogovidogo. Huhitaji kuchota Uvinza kwenyewe. Kisima chochote chenye maji magumu kitafanya kazi hiyo polepole.

Na alumini ndiyo iliyoingia kwa wingi. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vichwa vya injini na rejeta za alumini vilizidi kuenea, kwa sababu ni nyepesi. Watengenezaji wakalazimika kuweka dawa za kuzuia kutu ndani ya kulanti, na hapo dunia ikagawanyika. Ulaya, yenye maji magumu sehemu nyingi, ilikwepa fosfeti, maana fosfeti ikikutana na kalsiamu inatengeneza ukoko. Wakatumia silikati. Wajapani walikwepa silikati kwa kuhofia sili za pampu ya maji, wakabaki na fosfeti. Katikati ya miaka ya 1990 zikaja kulanti za asidi za kikaboni, kama Dex-Cool ya General Motors, zinazodumu muda mrefu zaidi.

Kwa nini ujue hayo ukiwa Kibondo? Kwa sababu gari dogo unaloliona mtaani huenda lilitoka Japani, likiwa na kulanti ya fosfeti. Ukiiongezea maji magumu ya kisima, unatengeneza ukoko uleule ambao Wazungu waliukimbia. Na rangi isikudanganye. Kijani, nyekundu, bluu au pinki ni rangi tu, kila kampuni ina zake. Soma maandishi ya chupa na kitabu cha gari.

Malori na mapovu yanayong'ata chuma

Lori kubwa la dizeli lina tatizo lake la ziada. Injini nyingi za aina hiyo zina laina ambazo maji huzigusa moja kwa moja kwa nje. Kila mlipuko wa dizeli unaitikisa laina kama ngoma. Inapotikisika, vipovu vidogo sana vinatokea kwenye maji na kupasuka ukutani, na kila kinapopasuka kinang'oa chembe ya chuma. Baada ya muda laina inakuwa na vitobo kama imetobolewa kwa sindano, na maji yanaingia kwenye oili.

Kulanti ya dizeli ina dawa, kama vile nitriti, zinazojenga utando mwembamba juu ya laina. Kipovu kinang'oa utando, utando unajijenga upya, chuma kinasalimika. Maji ya kijito hayana kitu hicho. Kwa lori, basi, kulanti ni sehemu ya kinga ya injini sawa na oili.

Na malori ya huku yamebeba mambo mazito. Tangu mwaka 1993, wakimbizi wa Burundi walipomiminika Kibondo na Kasulu, kisha Wakongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, kisha Warundi tena mwaka 2015, chakula cha msaada kimekuwa kikiteremshwa kwenye reli kule Isaka na kupandishwa malori kuja huku. Lori la chakula likifa katikati ya pori, anayeumia si mwenye lori peke yake.

Nani aliing'oa thamostati?

Kuna desturi nyingine utaikuta gereji: gari likichemsha, thamostati inang'olewa na kutupwa. Ina historia pia. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi iliishiwa fedha za kigeni, na vipuri vikawa adimu. Thamostati ikikwama imefungwa, na mpya hakuna, unafanya nini? Unaing'oa, gari linatembea. Kwa shida ile lilikuwa jibu la fundi mwerevu.

Leo vipuri vipo, lakini desturi imebaki. Kwenye injini nyingi za Kijapani thamostati ikishafunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari linachemsha zaidi. Kwenye injini nyingine inatokea kinyume: inabaki ya baridi mno, inakula mafuta na kuchakaa mapema.

Sasa wewe ufanye nini?

Ukiweza, nunua kulanti iliyokwisha kuchanganywa, ya aina inayotajwa kwenye kitabu cha gari lako. Ukinunua kali, changanya mwenyewe kabla ya kumimina. Huku kwetu hakuna barafu, hivyo nusu kwa nusu inatosha sana; ila usishuke chini ya theluthi moja, maana hapo dawa za kutu zinakuwa chache mno. Maji ya kuchanganyia yawe yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri. Angalia vizuri usiuziwe asidi ya betri. Yakikosekana, maji safi ya mvua ni chaguo la pili zuri. Nyanda hizi zina mvua tangu Oktoba hadi Mei. Acha mvua ioshe bati kwanza, kisha kinga na uchuje.

Kulanti za zamani hubadilishwa kila miaka 2 hivi, za asidi za kikaboni hufika 5. Usichanganye aina mbili. Ukihama aina, mwaga yote na usuuze mfumo kwanza.

Ukikwama njiani na huna chochote, jaza maji ya kijito bila aibu, ni bora kuliko kuendesha injini kavu. Lakini subiri ipoe. Mfuniko wa moto ukifunguliwa unarusha maji usoni, na maji baridi kwenye injini iliyoungua yanapasua kichwa. Ukifika, tafuta palipovuja, yamwage maji hayo, weka kulanti.

La mwisho, na hili ni la nyumbani. Glaikoli ni sumu na ina ladha tamu. Mwilini hugeuka kuwa asidi zinazoharibu figo, na kiasi kidogo kinaweza kumuua mtoto. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari baada ya watoto wapatao 70 kufariki nchini Gambia, vifo vilivyohusishwa na dawa za maji zenye ethilini glaikoli na ndugu yake dayethilini glaikoli. Kwa hiyo kulanti uliyoimwaga usiiache kwenye beseni uani, usiimwage kijitoni, na dumu lake lisigeuzwe la maji ya kunywa hata likioshwa mara kumi.

Ukiamka kesho, kabla injini haijawashwa, fungua mfuniko wa rejeta na uuangalie. Namba yake ni ngapi? Raba yake ni nzima? Maji yaliyo ndani yana rangi gani: ya dawa, au ya kutu? Ukikuta rangi ya kutu, chungu chako kimeshaanza kupika chumvi.